Mashini imegoma baada ya kurudisha Windows 10: fundi, Linux ao diski mpya?

Mwana_Nguba
Jambo wandugu. Mashini yangu ilikuja na Windows 11, ikawa nzito mno, nikaamua kurudi kwenye Windows 10. Kazi haikufika mwisho, na sasa haiingii tena. Fundi mmoja wa hapa Bukavu anataka dola 30 aifanye upya. Mwenzangu wa fakulte anasema niweke mfumo wa Linux badala ya Windows. Kaka yangu anasema ninunue diski mpya, ya zamani niiweke kando. Memwari yangu yote, ile kazi ya kumaliza masomo, imo humo na direkta anayenisimamia anaingoja. Ipi bora?

Kle_Mfukoni
Ndugu, umetuacha gizani. Mashini gani? Skrini inaandika nini? Na kubwa kuliko yote: wakati wa kusanikisha, mlifuta partisheni (vile vipande vya diski) ao mlichagua tu mkaendelea? Bila jibu hilo, kila atakayekushauri anabahatisha.

Kadutu_Net
Weka Linux Mint upumzike. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Unarudi huko kufuata nini?

Mwana_Nguba
Ni HP, prosesa i3 ya kizazi cha 11, RAM giga 4. Mwanzoni kle (flashi ya USB) ya Windows 10 haikuona diski hata moja. Jamaa aliyenisaidia akaingia BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashini, akazima kitu kinachoitwa VMD, diski ikaonekana. Akachagua partisheni kubwa, likatokea onyo lenye neno Windows.old, akakubali. Ikanakili, ikajiwasha upya, halafu kurani (umeme) ikakatika. Batri yangu imekufa. Sasa inaandika kwa Kifaransa kwamba ordinatere imejiwasha upya ghafla na kazi haiwezi kuendelea. Nikibonyeza OK inarudi palepale.

Kle_Mfukoni
Basi mambo si mabaya hivyo. Onyo la Windows.old halitokei partisheni ikifutwa. Linatokea pale Windows ya zamani inapokutwa, ikasukumwa pamoja na faili zako kwenye folda hiyo. Memwari iko hai, kwa uwezekano mkubwa.

Mwambie fundi asiguse kwanza. Tafuta kle yenye Linux Mint, washa mashini huku ukibonyeza F9, chagua kle, uitumie bila kusanikisha chochote. Fungua diski, ingia Windows.old, halafu Users, halafu jina lako. Nakili yote kwenye diski ya nje, kisha ufungue memwari hapo hapo uone kurasa zinasomeka. Baada ya hapo ndipo ulinganishe hizo njia zako tatu. Kwa sasa ni mapema.

Tena usifikiri utamalizia Windows 10 halafu uchukue faili kwa nafasi yako. Windows huifuta folda ile yenyewe, kwa kawaida baada ya siku 10.

Dada_Ndendere
Msikilize huyo, tafadhali. Mashini ya mume wangu ilikataa kuwaka, akaipeleka kwa fundi. Alimwambia wazi: «ndani kuna rejista ya kikundi chetu cha akiba, usifute.» Fundi akajibu hakuna shida. Jioni tulipewa mashini nzuri, inawaka haraka, na haina kitu. Eti hakukuwa na njia nyingine. Shemeji yangu akatumia PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, bahati diski ilikuwa ya zamani ile inayozunguka. Ikatoa maelfu ya faili, zote bila majina: f0384512.doc, f0384640.doc, hivyo hivyo hadi mwisho. Tulikaa usiku tukifungua moja moja. Barua za kanisa, mitihani ya watoto, picha za matangazo. Rejista tuliipata nusu, miezi ya mwisho haikuonekana. Wamama waliokuwa wameweka pesa zao walilazimika kuja na vitabu vyao vidogo tuandike upya, na wawili hatukuelewana nao mpaka leo. Dola alizochukua yule fundi hazikurudi.

Na yako ni SSD, diski isiyozunguka. Ikishafutwa, diski yenyewe husafisha nafasi zile, hata PhotoRec inatoka mikono mitupu.

Mwalimu_Muhumba
Mnasahau BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha yaliyomo kwenye diski. Windows 11 nyingi hufunga diski zenyewe bila mwenye mashini kujua. Bila ufunguo wa tarakimu 48, Linux haitaona kitu. Ndugu, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu uangalie kama ufunguo uko huko.

Kle_Mfukoni
Mwalimu, kwa heshima: diski ingekuwa imefungwa, kisanikishi kingekataa kuandika juu yake bila kuifuta kwanza. Hapa kiliandika.

Mwalimu_Muhumba
Kuangalia hakugharimu kitu. Na ukiwa huko kwenye akaunti, angalia OneDrive pia, hifadhi ya Microsoft ya kwenye intaneti. Mara nyingi Documents huwa inapanda kule yenyewe, usishangae kukuta memwari inakungoja.

Mwana_Nguba
Nimeangalia. Ufunguo hakuna. OneDrive ina sura ya kwanza tu, nafikiri forfe ya intaneti iliisha. Kle ninayo moja ya giga 4, lakini sina mashini nyingine ya kuitengenezea.

Kadutu_Net
Mint inaenea humo. Kama simu yako ni Android na una adapta ya OTG (ya kuchomeka kle kwenye simu), programu ya EtchDroid inaandika kle moja kwa moja. Na ukishaiona Mint inavyokimbia, bakia nayo. Programu yake ya kuandikia, LibreOffice, inafungua faili za Word bila shida.

Dada_Ndendere
Inafungua, ndiyo. Tanbihi zinahama na jedwali la yaliyomo linavurugika. Mdogo wangu alirudishiwa kazi na direkta wake kwa sababu hiyo. Kwa memwari iliyobaki kidogo kumalizika, hapana.

Kadutu_Net
Atume PDF.

Dada_Ndendere
Direkta anasahihisha ndani ya Word, ndugu yangu. Atasahihishaje PDF?

Mwalimu_Muhumba
Tatizo la mwanzo lilikuwa uzito. Giga 4 ndicho kiwango cha chini kabisa cha Windows 11, lazima iburuze miguu. Ongeza RAM ufike 8 na ubaki na 11. Hizo dola 30 zingefanya kazi huko. Kwanza fungua kifuniko cha chini uone kama kuna nafasi ya kuchomeka.

Kle_Mfukoni
Akirudi kwenye 11 na kuiwasha tena ile VMD, kle ya kusanikisha iwe na drayva ya Intel RST (programu ya kuifanya Windows ione diski), la sivyo diski itapotea tena. Kwa upande wangu, shauri la kaka yake silitupi: diski ya zamani ikiwa kabatini, hakuna wa kuifuta. Ila asinunue Rusizi, ng'ambo Rwanda, kabla ya kujua kama yake ni aina ya NVMe ao SATA, zinafanana kwa macho na zikikataa muuzaji harudishi pesa.

Mwana_Nguba
Asanti sana wakubwa. Natafuta adapta ya OTG. Feu Rouge naweza kuipata?

Kadutu_Net
Jaribu Nyawera, kwa wauza chaja. Na uwashe mashini wakati kurani imetulia, si saa za jioni.

Mwalimu_Muhumba
Batri nayo ibadilishwe. Stabilizeta haitoshi, inalinda tu umeme ukipanda na kushuka, ukikatika haisaidii.

Kadutu_Net
Batri ya asili ya HP mjini hapa utaipata wapi?