Mjadala: Je, riwaya iliyoanzwa ni lazima imalizwe?

Ndugu zangu, assalamu alaykum. Kikundi chetu cha wasomaji hapa Lamu, kinachokutana baada ya Alasiri katika chumba kimoja mtaani Langoni na kuazimana vitabu kutoka kabati moja la mbao, kimeletewa pendekezo ambalo limetugawa pande mbili, nami ninalileta hapa ili wengi zaidi walizungumzie. Pendekezo ni kwamba mwanachama asiruhusiwe kuazima riwaya nyingine kabla ya kuimaliza aliyo nayo. Aliyelitoa ni mwalimu mstaafu aliyenifundisha kuandika insha, na hoja yake aliifungua kwa methali tuijuayo sote: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alisema kwamba mwandishi hutoa miaka ya umri wake kwa kitabu kimoja, na kwamba kumhukumu kwa kurasa ishirini ni kumkosea adabu. Akaongeza kwamba vijana wetu wameharibiwa na simu, hawana tena subira ya kukaa na jambo moja hadi mwisho wake.

Mimi ninalipinga pendekezo hilo, na ninalipinga kwa heshima zote anazostahiki Mwalimu.

Nianze na asili ya imani yetu kwamba kitabu hakiachwi njiani, kwa sababu naona hapo ndipo penye kiini cha mzozo huu. Katika lugha ya huku kwetu chuo ni kitabu, na chuo pia ni mahali pa kukisomea. Utenzi wa Bwana Mwengo wa Pate, wa mwaka 1728, unajulikana kama Chuo cha Herekali, na mtoto aliyepelekwa kusoma Kurani bado tunasema yuko chuoni. Huko chuoni kipimo ni kimoja tu, amehitimu au hajahitimu. Ana juzuu 30 mbele yake, na siku anayozimaliza nyumba nzima hufurahi. Hiyo ni adabu inayoustahiki Msahafu, wala sina neno juu yake. Lakini riwaya ni maneno ya binadamu kwa binadamu mwenzake, na sioni kwa nini wajibu wa chuoni uhamishiwe huko.

Kisha ikaja shule, ikalikaza fundo hilo. Wengi wetu tulikutana na riwaya ya Kiswahili kwanza kwa ajili ya karatasi ya tatu ya mtihani wa KCSE, ambapo riwaya teule husomwa hadi neno la mwisho kwa kuwa swali laweza kutoka popote. Mimi niliisoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed mara nne kabla ya mtihani, nikaijaza penseli pembezoni: dhamira, sifa za Maimuna, mbinu rejeshi, jazanda. Niliimaliza mara nne, na nathubutu kusema kwamba sikuisoma hata mara moja. Nilikuja kuisoma nikiwa na umri wa miaka thelathini na mbili, bila penseli, na ndipo nilipouhisi kwa mara ya kwanza uzito wa msichana aliyefungiwa ndani ya nyumba ya baba yake.

Kinyume chake ni Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990. Ni kitabu chembamba, kwa hiyo si urefu ulionishinda. Wakati huo nilikuwa mpenzi wa riwaya za upelelezi, nikitaka kujua nani kaua na kwa nini, na hapa nikakutana na masimulizi ambamo wakati na mahali havifuati mstari ulionyooka. Niliiacha mara mbili, na mara ya pili nilitia ndani yake tiketi ya basi niliyokuja nayo kutoka Malindi ili nijue nilipoishia. Miaka kumi na minne baadaye bibi yangu akaanza kupoteza kumbukumbu. Alikuwa akiniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki, akiuliza kama jahazi la babu limeshaingia, kisha palepale akiniagiza nimzimie feni. Nilikaa naye msimu wote wa kusi. Usiku mmoja, alipokwisha kulala, nilikifungua tena kile kitabu, tiketi ikiwa palepale, imegeuka manjano na maandishi yake yamefifia, nikasoma hadi adhana ya Alfajiri, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujifunza kumsikiliza mtu ambaye jana na leo kwake ni kitu kimoja. Lau sheria ya Mwalimu ingekuwepo nilipokuwa kijana, ningelazimika kukimaliza wakati ule, na nadhani nisingekirudia kamwe, kwa kuwa ningekwisha kukihesabu miongoni mwa vitabu nilivyovisoma.

Waandishi wenyewe hubadilika. Kezilahabi aliyeandika Rosa Mistika mwaka 1971 kwa usimulizi wa moja kwa moja ndiye aliyekuja kuandika Nagona, na mwaka mmoja baadaye Mzingile. Said Ahmed Mohamed naye alitoka kwenye Utengano ya mwaka 1980 akafika kwenye Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, ambayo ni riwaya ya namna nyingine kabisa. Ikiwa mwandishi anaruhusiwa kuiacha njia aliyoizoea na kushika nyingine, msomaji anyimwe ruhusa hiyo kwa hoja gani?

Liko jambo jingine, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Ndani ya kabati letu mna riwaya moja nene ambayo sitaitaja jina. Kingo za kurasa zake za mwanzo, hadi kama ya sitini hivi, zimekuwa nyeusi kwa vidole, pembe zimekunjika na gundi ya mgongo imeachia. Zinazofuata ni nyeupe, na nyingine bado zimegandana kwa unyevu wa bahari. Lakini daftari la kuazima lina majina kumi na moja ya walioichukua, na mbele ya kila jina pameandikwa "amesoma". Hakuna aliyethubutu kusema kwamba aliiacha. Tunazo hukumu kumi na moja juu ya kitabu kile, huenda zote zikaelekea mahali pamoja, na hatujui hata moja, kwa kuwa tumewafundisha watu kuona haya. Sheria ikipita, uongo wa namna hii utaongezeka.

Kuhusu simu, nakubaliana na Mwalimu kwa sehemu. Anayekiweka kitabu chini katika ukurasa wa tatu kwa sababu umeingia ujumbe, huyo hata kukianza hakukianza. Ila sijaona mtu aliyepata subira kwa kuzuiliwa kitabu kingine.

Wala sisemi kwamba anayeacha hana wajibu wowote. Asikizungumze kitabu barazani kana kwamba amekisoma chote, na asiwakataze wengine kwa uzito wa mtu aliyefika mwisho. Ninapendekeza kwamba ndani ya jalada la kila riwaya tubandike karatasi, na anayeiacha aandike ukurasa alioishia na sababu kwa sentensi moja, bila jina akipenda. Ya Nagona nimekwisha kuibandika, na mstari wa kwanza ni wangu.

Uamuzi utafanywa Ijumaa ijayo. Kutoka kwa wanaoliunga mkono pendekezo, ninaomba jibu la swali moja: yule anayeazima ile riwaya nene, akafika ukurasa wa sitini na akashindwa kuendelea, mnataka afanye nini?