Mrejesho: Usafi wa nyumba na watoto wadogo ndani

Wapendwa, niliomba ushauri wa kufanya usafi bila dada wa kazi, nikiwa na watoto wa miaka 2 na 4, bila kuwawashia katuni kutwa nzima. Asanteni sana.

Lililonisaidia zaidi ni kuwashirikisha. Mkubwa anapanga viatu na kutafuta soksi pacha. Mdogo nampa kitambaa kibichi afute stuli. Hafuti vizuri, lakini anatulia, nami nadeki. Joto la huku Tabata, Dar es Salaam, likizidi tunahamia barazani: beseni lenye maji kidogo, vikombe vya plastiki na chujio, nami nafua palepale nikiwaona. Hapo nasisitiza, msiondoke hata kidogo. Mtoto anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu, tena kimyakimya. Wakimaliza namwaga. Ndoo za akiba, maana maji yetu ni ya mgao, nazifunika na mlango wa bafu naufunga.

Jiki na dawa ya choo natumia wakilala, na sivichanganyi kamwe. Vikichanganyika hutoa hewa yenye sumu.

Kuficha nusu ya midoli kumesaidia pia. Kuamka alfajiri, hapana, wanaamka nami. Aliyependekeza kufinyanga unga wa ngano na chumvi, Mungu akubariki, wanaupenda mno.