Mtambaji akimuuliza mchezaji, je, analazimika kulipokea jibu?

Mtambaji wa Nyegezi

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaendesha mchezo wa kuigiza wahusika mezani, ule wa karatasi, penseli na dadu, ambapo kila mchezaji humwigiza mhusika wake nami nikiusimulia ulimwengu wanamopita, na wachezaji wangu wanne wameamua kuniita mtambaji kama katika hadithi za bibi zetu. Kisa chetu kinatokea katika kisiwa cha kubuni kilicho karibu na Ukerewe, na kinamhusu mvuvi aliyepotea ziwani pamoja na mtumbwi wake. Mimi peke yangu nilijua kwamba mtumbwi huo ulizamishwa kwa makusudi, na nilipanga mabaki yake yaonekane katika kikao cha nne.

Mwezi uliopita nilitaka wachezaji waujenge ulimwengu huo pamoja nami badala ya kukaa wakinisikiliza. Walipokuwa wakiingia mwaloni usiku, nilimgeukia mmoja wao nikamuuliza, “Unaona nini ufukweni?” Akafikiri kidogo, kisha akajibu, “Naona mtumbwi wa yule mvuvi umefungwa kwenye mti, na taa yake bado inawaka.” Wote wakanyamaza, na mimi mwenyewe nikasisimka. Mara nikayakumbuka mabaki yangu, nikasema hapana, huo ni mtumbwi wa mtu mwingine. Hakubisha, lakini tangu usiku ule kila ninapomuuliza jambo ananijibu, “Amua wewe tu, kaka,” na wenzake wameanza kumwiga.

Je, mamlaka ya kusimulia yagawanywe vipi? Nikiwaachia yote, siri haitadumu hata kikao kimoja. Nikiyashika yote, ninarudi kuhutubia.

Binti wa Kirumba

Pole, kaka. Kwa maoni yangu uliuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa tayari mfukoni mwako, na mchezaji akaligundua hilo mbele ya wenzake. Unayazungumzia mamlaka kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali anayesema mhusika wake anajaribu kufanya nini, anayesema kisiwa kina nini, anayeamua kama jaribio limefaulu na anayetunza siri wanaweza kuwa watu tofauti ndani ya dakika moja. Siri ulitaka kubaki nayo, na ni haki yako. Basi ungeuliza kando yake: “Taa ya mvuvi huyo ilikuwa na alama gani, hata uitambue popote uionapo?” Angekupa alama kutoka kichwani mwake, nawe katika kikao cha nne ungemwonyesha alama hiyo hiyo kwenye kioo kilichovunjika, chini ya mabaki.

Nitoe mfano wa kwetu. Mtambaji wetu alitueleza jinsi ziwa lilivyojaa taa za wavuvi wa dagaa chini ya mbalamwezi. Mchezaji mmoja aliyekulia Igombe akacheka, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu zao. Mtambaji angeweza kuona haya na kuendelea. Badala yake aliweka kalamu chini, akamuuliza, “Basi hawa wenye taa usiku huu wanatafuta nini?” Yule kijana akakaa kimya kwa muda mrefu, hata chai yake ikapoa, kisha akasema, “Wanamtafuta mtu.” Vikao vitatu vilivyofuata vilitokana na jibu hilo, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelipanga.

Mzee wa Dadu

Watunzi wa michezo hii wamelishughulikia suala hili kwa muda mrefu. Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974, ulimwengu ulikuwa wa mwendeshaji, yaani mtambaji, na mchezaji alimiliki mhusika wake. Ars Magica ya mwaka 1987 ilipendekeza kwamba wenzi wapokezane zamu ya kuendesha. Katika mchezo wa Fate mchezaji hulipa pointi ili atangaze jambo kuhusu ulimwengu, na mwendeshaji bado anaweza kulikataa. Naye mwendeshaji akitaka kumtia mhusika matatani kwa sababu ya udhaifu wake, humpa mchezaji pointi. Mimi huona humo mchezo wetu wa vitendawili: ukishindwa kutegua unatoa mji, na mtegaji hatoi jibu mpaka aupokee. Nguvu ya neno ina bei, na kila aliyeketi anaijua bei hiyo kabla ya kusema.

Blades in the Dark ya mwaka 2017 inamruhusu mchezaji kurudi nyuma na kusimulia maandalizi aliyoyafanya mapema, na kadiri maandalizi hayo yanavyokuwa magumu kuaminika ndivyo anavyolipa zaidi. Hata hivyo, hawezi kulifuta jambo ambalo limekwisha kuonekana mezani. Mpaka huo ungekufaa hata wewe unayeendesha.

Mkazi wa Igoma

Niruhusuni nipinge kidogo. Wapo wachezaji, nami nikiwemo, wanaokuja mezani kugundua, na tukiambiwa tubuni wenyewe tunahisi kama tumeitwa karamuni tukakuta tunapewa sufuria tupike. Kuna kanuni inayojulikana kwa jina la mbunifu Paul Czege, inayosema kwamba mchezo haunogi iwapo mtu mmoja ndiye anayebuni tatizo la mhusika wake na suluhisho lake pia. Huwezi kutega kitendawili ukakitegua mwenyewe halafu ukajipa mji. Kwa hiyo, kabla hujawatupia maswali, waulize ni nani anayeyataka.

Mtambaji wa Nyegezi

Nimewaelewa, na hoja ya kuwauliza kwanza imenigusa, kwa maana sikufanya hivyo. Ila yule mchezaji nimrudishe vipi? Kikao cha nne ni Jumamosi hii.

Binti wa Kirumba

Mwombe radhi mbele ya wenzake, kwa sentensi moja tu, halafu ulirudishe jibu lake mahali pake. Mabaki yako hayajaonekana na mtu yeyote, kwa hiyo kwa upande wa wachezaji bado hayapo, na unaweza kuyabadilisha bila kumdanganya mtu. Mtumbwi uliofungwa kwenye mti, huo walikwisha kuuona wote.

Mtambaji wa Nyegezi

Basi chini ya maji patakuwa na mtumbwi mwingine. Na swali la kwanza la Jumamosi nimeshaliandika, la kumuuliza yeye, na safari hii kwa kweli jibu lake silijui: ni nani aliyeiwasha taa ile?