Kazi ya mbali ya kampuni ya New York: nijipange vipi kabla ya kusaini?

Karani_Dom: Wakuu, salaam. Niko Dodoma. Kazi ni kutunza vitabu vya hesabu vya kampuni ya New York nikiwa nyumbani, kama mkandarasi. Wanataka niwe hewani saa 3 asubuhi hadi 11 jioni kwa saa zao. Nilichokipenda ni uhuru wa kupanga siku yangu. Naomba ushauri: saa, umeme, malipo.

Mizania: Mkuu, kwa ratiba hiyo uhuru bado haupo. Saa 3 asubuhi yao ni saa 10 jioni yetu, unamaliza saa 6 usiku. Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa nyuma, sisi tunabaki palepale. Hapo unamaliza saa 7 usiku mpaka Machi. Omba saa 4 tu za kuwa hewani pamoja nao, nne zilizobaki uzifanye muda unaoutaka. Kazi yako inaruhusu: kulinganisha taarifa za benki na daftari hakuhitaji mtu wa kuongea naye. Nao wape kitu: kila ukifunga kazi acha ujumbe wa kilichokamilika, kilichokwama, na unachosubiri kutoka kwa nani. Wakikubali, iingie kwenye mkataba. Makubaliano ya mdomo huondoka na meneja aliyeyatoa.

Fundi Sola: Umeme. Laptopu inakula wati 50 hivi, ruta 12. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100 (ampea-saa, ujazo wake), ina Wh 1,200 (wati-saa, yaani wati mara saa), lakini usiishushe chini ya nusu. Ukitoa na upotevu wa inveta (kifaa kinachobadili umeme wa betri uwe kama wa ukutani) unabaki na kama saa 8. Betri ya gari usiiguse: imetengenezwa kuwasha injini, ukiikausha mara kwa mara inakufa mapema. Wengi huharibu hesabu kwa kuchomeka TV na friji kwenye inveta hiyohiyo. Ukitaka ruta pekee, chukua UPS ndogo ya DC (kiboksi chenye betri kinachoilisha ruta moja kwa moja bila inveta), ila soma kwanza lebo ya ruta: ya volti 9 ukiipa 12 unaweza kuiunguza. Halafu weka laini ya akiba ya mtandao mwingine, maana umeme ukikatika muda mrefu hata mnara unaweza kuzima.

Mizania: Malipo. Watakupa fomu ya kodi: jaza W-8BEN, siyo W-9, hiyo ni ya watu wa Marekani. Kazi unayoifanyia Tanzania haikatwi kodi kule, lakini huku unadaiwa. Uwe na TIN, peleka makadirio TRA, ulipe kwa awamu 4: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. NSSF hakuna atakayekuchangia, jiandikishe mwenyewe kwa hiari, kwa hiyo bei yako ibebe hayo yote. Wakituma kwa SWIFT (mfumo wa benki wa kutuma fedha nchi hadi nchi), mkataba useme makato ni juu yao (OUR), la sivyo benki za katikati zinakata njiani na unapokea pungufu ya ankara.

Karani_Dom: Asante sana wakuu. Wakisema saa 4 hazitoshi, wanataka 5?

Mizania: Kubali, ila kuanzia Novemba hadi Machi uanze saa 2 asubuhi yao. Kwako inabaki saa 10 jioni hadi 3 usiku mwaka mzima.