Niongeze RAM, au htop/atop itanionyesha tatizo? Seva inaganda usiku

mgeni_wa_seva:
Wakuu, heshima zenu. Nina VPS (seva ya kukodi mtandaoni) inanisumbua. Nikiamka asubuhi naikuta haijibu, SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) inaning'inia tu, mpaka niizime na kuiwasha upya kwenye paneli. Ikishawaka ni nzima kabisa, kama si yenyewe. Kifurushi changu kinaisha keshokutwa, kwa hiyo lazima niamue: nihamie chenye RAM mara mbili, au nibaki hapa nifunge kitu cha kuichunguza. Wengine wanasifia htop, wengine atop, wengine glances. Ipi bora? Jibu fupi tafadhali, mimi na terminali hatujazoeana.

KobeMzee:
Unatuletea mgonjwa aliyefunikwa shuka gubigubi. RAM ngapi? CPU ngapi? Linux ipi? Ndani kuna nini? Ikiganda, ping inajibu au nayo imekufa?

nukta_mbili:
htop, mjadala ufungwe. Rangi, mishale, F5 unaona mti wa prosesi, F6 unapanga kwa RAM, F9 unaua. Miaka yote natumia hiyo.

KobeMzee:
@nukta_mbili htop ni ya mtu aliye macho. Huyu seva yake inakufa amelala, na akiiwasha upya htop itamwonyesha seva iliyopona! Anachohitaji ni atop, kwa sababu ikifungwa kama huduma inaandika hali ya mashine kwenye /var/log/atop, kwa kawaida kila baada ya sekunde 600. Asubuhi unafungua faili la usiku huo kwa `atop -r` na jina la faili, unabonyeza t kwenda mbele na T kurudi nyuma, mpaka dakika ya mwisho kabla haijaganda. Ila dakika kumi ni nyingi mno. Kwenye /etc/default/atop weka LOGINTERVAL=60.

mgeni_wa_seva:
Samahani wakuu, nilisahau. Ubuntu, RAM GB 2, CPU 2. Kuna Nginx (ya kurusha tovuti), PHP-FPM (ya kuendesha PHP) na MySQL (hifadhidata). Ping sijawahi kujaribu. Nimepiga `free -m` sasa hivi, safu ya free inasema 94. Yaani MB 94 tu! Ndiyo maana nataka kuongeza RAM.

Binti_Kerneli:
Usiangalie free, angalia available, ile ya mwisho kulia. Linux haipendi RAM ikae bure, inaijaza nakala za mafaili iliyosoma na kuziachia programu ikihitaji nafasi. Mstari wa Swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) unasemaje? Na `dmesg -T | grep -i memory`, yaani ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux) kuhusu RAM, je?

mgeni_wa_seva:
available 780. Swap 0 0 0. dmesg haina la maana.

Binti_Kerneli:
dmesg inaanza kuhesabu tangu mashine ilipowaka, na wewe umeshaiwasha upya, umefuta nyayo mwenyewe. Jaribu `journalctl -k -b -1`, huo ni ujumbe wa kerneli wa uwashaji uliopita. Ikikwambia haikuhifadhi chochote, tengeneza saraka /var/log/journal, kisha `systemctl restart systemd-journald`, usubiri igande tena.

fundi_wa_zamu:
Kabla hujanunua chochote, `df -h`, uone diski imejaa kiasi gani. Nawaambia kwa uchungu.

Niliwahi kupewa seva ya watu niiangalie, diski ya GB 80. Hifadhidata imegoma kuandika, df inasema 100%. Naingia /var/log, nakuta logi moja ina GB 41. Sikufikiri mara mbili: rm. Napiga df tena, 100% ile ile. Napiga `du -sh /`, inaniambia vilivyomo havifiki hata GB 40. Nikaona df imerukwa na akili. Simu zinaita, mwenye mali anauliza kila dakika mbili, mimi nikaanza kufuta kila ninachokiona kikubwa. Zikaenda bekapu za wiki tatu.

Mwenzangu akaja, akapiga `lsof +L1`. Logi yangu ikatokea, ukubwa ule ule, pembeni imeandikwa deleted. Programu ilikuwa bado imeishika, na faili likishikwa hivyo rm inaondoa jina tu, nafasi hairudi. `systemctl restart` moja, GB 41 zikarudi papo hapo. Bekapu hazikurudi. Ningepiga `truncate -s 0` tu, inayoacha faili tupu bila kulifuta, ningelala mapema.

Binti_Kerneli:
Pole. Ila truncate nayo inategemea programu imefunguaje logi yake. Kama haikuifungua kwa kuongezea mwishoni, itaendelea kuandika pale pale ilipofikia, na `ls -l` itakuonyesha tena GB 41 hewa.

KobeMzee:
Na `df -i` pia. Unaweza kuwa na nafasi tele na inodi (kila faili hutumia moja, na idadi yake ina kikomo) zimekwisha, hasa PHP ikijaza mafaili madogo madogo ya sesheni.

mgeni_wa_seva:
Diski 46%, inodi 12%. Halafu nimeona sehemu wanasema nitumie `netstat -tulpn` kuona programu zinazosikiliza mtandao, inakataa, eti amri haipo.

Binti_Kerneli:
Tumia `ss -tulpn`. Herufi zile zile.

nukta_mbili:
Au `apt install net-tools`. netstat imenilea, siiachi.

KobeMzee:
Na ifconfig nayo imekulea? Zee zima.

nukta_mbili:
Ndiyo, na route, na arp. Nyie mnabadilisha majina ya vitu vinavyofanya kazi halafu mnajiita wataalamu.

mgeni_wa_seva:
Wakuu turudi. journalctl imetoa hii, saa 02:03: Out of memory, Killed process, na jina mysqld. Zipo kama sita hivi.

fundi_wa_zamu:
Basi ongeza RAM, umeshajibiwa.

Binti_Kerneli:
Haraka ya nini? Kerneli imemuua mnene kuliko wote, si lazima awe ndiye mwenye kosa. Angalia pm.max_children kwenye PHP-FPM, yaani kikomo cha prosesi za PHP (watoto) zinazoweza kuwa hai kwa pamoja. Ikiwa 50 na kila mtoto anakula MB 60, hizo ni GB 3 kwenye mashine ya GB 2. Ukinunua 4 bado MySQL itabanwa. Na saa 02:03 ni saa za seva, piga `timedatectl` uone kama iko UTC (saa za kimataifa), kisha `crontab -l`, orodha ya kazi zilizopangiwa saa, uone nani anaamka wakati huo.

mgeni_wa_seva:
max_children ni 40. Kuna skripti ya bekapu saa 02:00, aliyeiweka simjui.

KobeMzee:
Weka swap GB 1 kwa leo na atop ya sekunde 60. Kesho tuletee picha.

fundi_wa_zamu:
Swap na hifadhidata? Seva itatambaa badala ya kufa, hata SSH hutaingia.

KobeMzee:
Sasa hivi anaingia?

mgeni_wa_seva:
Nimefunga atop. Skripti ya bekapu sijaigusa, naogopa. Kifurushi bado sijaamua, nina mpaka kesho jioni.

nukta_mbili:
Na htop umefunga?