Tupeane uzoefu: Mlionoa timu changa za roboti, ni siku gani hamtaisahau?

Mwanzisha mada: Salaam, ndugu zangu. Jana nimeokota chini ya kabati gurudumu la roboti ya timu yangu ya kwanza, nikaikumbuka siku ambayo roboti yetu, iliyokuwa ikifuata mstari bila kosa darasani, iligoma uwanjani kwa sababu taa za ukumbi zilikuwa kali na hatukuwa tumeipima upya sensa ya mwanga, kile kifaa kinachoiwezesha kuuona mstari. Mchezo wa FIRST LEGO League, mashindano ya watoto ya roboti za LEGO, huchukua dakika 2 na nusu, nasi zote ziliishia kuitazama ikijizungusha. Naomba nanyi msimulie.

Mlezi wa wasichana: Sisi tuliponzwa na betri. Watoto walipanga mwendo kwa sekunde badala ya kuhesabu mizunguko ya gurudumu, ikawa betri ikijaa roboti inapitiliza, na ikipungua haifiki.

Mama Mlezi: La betri ni kweli tupu. Limetukuta.

Mwalimu wa Fizikia: Langu bado linaniuma. Usiku wa kuamkia mashindano ya FIRST Tech Challenge, yale ya vijana wakubwa zaidi, programu ya zile sekunde 30 ambazo roboti hujiendesha yenyewe ilikuwa haijakaa sawa, na vijana walikuwa wamelala kwa uchovu. Nikaketi nikaiandika upya yote, nikitumia jairoskopu, kifaa kinachopima mgeuko wa roboti, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amejifunza kuisoma. Asubuhi roboti ilikwenda vizuri kuliko siku zote. Kisha jaji akamwuliza kijana wetu wa programu kwa nini inageuka kwa namna ile, akanyamaza, akainamisha kichwa, halafu akasema, “Mwalimu ndiye anayejua.” Baada ya siku ile hakuonekana tena mazoezini.

Fundi Mitambo: Pole, Mwalimu, lakini tusifike mahali pa kumkataza mlezi kushika bisibisi. Mvumbuzi Dean Kamen alipoanzisha FIRST, shirika lenye mashindano haya, mwaka 1989, nia ilikuwa wanafunzi wafanye kazi bega kwa bega na wahandisi. Mwanagenzi hujifunza kwa kumtazama fundi.

Mlezi wa wasichana: Kaka Fundi, kijana yule alimtazama fundi gani, ilhali alikuwa amelala? Mimi huweka mikono nyuma, hata nikiona skrubu imelegea.

Fundi Mitambo: Skrubu iliyolegea nitaikaza, dada yangu. Sitaiacha roboti ivunjike mbele ya watoto waliohangaika miezi mitatu.

Mama Mlezi: Mwalimu, yule kijana alirudi?

Mwalimu wa Fizikia: Alirudi, Mama. Nilikwenda kwao nikamwomba radhi mbele ya mzazi wake, kisha tukaifuta programu yangu yote, naye akaanza upya. Kwenye mashindano yaliyofuata roboti ilifanya jambo moja tu, kusogea na kuegesha mahali pake, na alipoulizwa alieleza kila mstari alioandika, hata ule aliokosea.

Mlezi wa wasichana: Mungu akubariki kwa kumwendea.

Fundi Mitambo: Hapo nakubali. Mwanzisha mada, kuhusu taa: izungushieni sensa kikinga cheusi, ishuke karibu na sakafu, na watoto waipime upya kila wafikapo kwenye meza ngeni, hata kama waliipima asubuhi.