Mrejesho: kabati la redio ya mbao lililopinda

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu redio ya taa (ya zamani, inayotumia valvu za kioo badala ya transista) iliyopinda kifuniko cha juu, tabaka za plaiwudi zikiwa zimeachana pembeni. Wengi mlinishauri nisikimbilie kupiga misumari, nami nawashukuru kwa dhati.

Nilitoa kwanza mitambo yote na spika, maana unyevu na koni ya karatasi ya spika havipatani. Kisha nikalowesha kidogo upande wa ndani wa kifuniko, ulioingia shimo, ukavimba na ubao ukaanza kulegea. Gundi ya zamani, inayotengenezwa kwa ngozi za wanyama, nayo hulainika kwa joto na maji, hivyo mabaki yake yalikwanguka bila kuumiza vinia (tabaka jembamba la mbao la juu). Gundi mpya niliiingiza katikati ya tabaka kwa bomba la sindano, nikafunika kwa nailoni, nikabana kati ya mbao mbili nene zilizonyooka. Kazi kubwa ni subira: ukifungua klempu (vibanio) kabla ubao haujakauka kabisa, unapinda tena.

Sasa kifuniko kimekaa sawa. Pembe moja ya nyuma bado imeinuka kidogo sana. Nimeiacha, kuilazimisha kungepasua vinia. Imebaki kupaka shelaki (aina ya vanishi).